Risasi Haipasui Kichaka: Finn Aagaard na Enzi za Majarida ya Bunduki

Wauza vitabu vya kuinamia katikati ya Nairobi hawana rafu wala orodha. Bidhaa imelazwa juu ya gunia kando ya njia, nawe unainama, unapekua, unafuta vumbi kwa kiganja. Hapo ndipo nilipookota toleo la miaka ya 1980 la American Rifleman, jarida la bunduki la Marekani, jalada limekunjamana, kurasa za nyuma zimeonja mvua. Muuzaji alinitazama, akaniuliza kama mimi ni askari. Nikasema la. "Sasa unasomea nini bunduki?" Akanitoza shilingi 50, akalalamika kwamba lingekuwa la magari angepata mia.

Swali lake ni la haki. Kwetu bunduki huonekana begani mwa polisi, mikononi mwa mlinzi wa benki au, siku ikiwa mbaya, usoni pako. Mtu kusoma habari zake kama seremala anavyosoma habari za randa ni jambo geni. Lakini ndani ya toleo lile mlikuwa na makala ya mtu aliyezaliwa Kenya, na nilipoimaliza nikaanza kutafuta nyingine zake, moja baada ya moja. Jina lake Finn Aagaard. Alifariki mwaka 2000, na wanaomtaja leo wengi wao ni Wamarekani wenye mvi. Mimi naona tuna sababu ya kumtaja huku pia, ila si lazima tumtaje kwa sauti ileile.

Nianze na jaribio lake moja, maana hapo ndipo nilipomwelewa. Wawindaji wa Marekani walikuwa na imani ya miaka mingi kwamba risasi nzito, butu, inayokwenda polepole "hupasua kichaka": ikigonga kijiti njiani haijali, inaendelea na safari hadi kwa mnyama. Risasi nyepesi na ya kasi, walisema, ikigusa tawi tu inapotea. Bunduki ziliuzwa kwa imani hiyo. Baba alimwambia mwana, mwana akamwambia muuza duka, muuza duka akamwambia mteja. Aagaard hakubishana na mtu. Alisimamisha shabaha, akaweka vichaka mbele yake, akapiga risasi za aina nyingi kupitia matawi, kisha akaenda na kipimo kuangalia kila moja imetua wapi. Zote zilikengeuka. Nzito zilikengeuka, nyepesi zikakengeuka, na nyingine zilifika kwenye karatasi zikiwa zimelala ubavu, tundu lake refu kama la ufunguo. Kilichohesabika zaidi ni umbali kati ya kichaka na shabaha: mnyama akiwa amekigusa kichaka huenda ukampata, akiwa mita kadhaa nyuma yake, unabahatisha. Neno lake kwa msomaji lilikuwa fupi. Hakuna bunduki ya kupasua kichaka, basi subiri mnyama atoke au tafuta mwanya.

Sasa fikiria makala kama hiyo imechapishwa katika jarida linaloishi kwa matangazo ya watengeneza bunduki. Kwa hesabu za biashara, hasara tupu: mtu aliyetaka kununua bunduki ya pili kwa ajili ya vichaka ameambiwa abaki na aliyonayo.

Aagaard alizaliwa mwaka 1932, wazazi wake Wanorwe walowezi. Alikuja kuwa mwindaji wa kulipwa, yaani yule anayemwongoza mgeni porini, anayeamua mnyama gani apigwe, na anayebaki na kazi ya kuingia kichakani pale mgeni anapojeruhi nyati. Taaluma hiyo ilikuwa na chama chake, East African Professional Hunters' Association, kilichoundwa Nairobi mwaka 1934. Bunduki aliyoiandikia kwa mapenzi zaidi ni ya .375 (namba hizi hukaribia upana wa risasi kwa inchi), risasi iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, kwa sababu inatosha kwa karibu kila kitu na haina teke la kumtia mtu woga. Teke ni jambo alilolirudia sana. Mtu akiiogopa bunduki yake hufumba macho anapofyatua, na risasi kubwa iliyopigwa macho yakiwa yamefumbwa ni mbaya kuliko ndogo iliyolengwa. Alisema hivyo kwa maneno ya kawaida, bila mbwembwe, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

Mei 1977 serikali ya Mzee Kenyatta ikapiga marufuku uwindaji Kenya nzima. Chama cha wawindaji kikavunjika mwaka huohuo. Aagaard akahamia Texas na mkewe na watoto, akawa anaongoza wawindaji wa kulungu na kuandika.

Hapo pana sadfa ambayo sijaona ikitajwa na wanaomkumbuka. Mwezi huohuo wa Mei 1977, huko Cincinnati, wanachama wa NRA, yaani National Rifle Association, chama kikubwa cha wenye bunduki Marekani, walifanya mapinduzi kwenye mkutano wao mkuu. NRA ndiyo mmiliki wa American Rifleman. Uongozi wa wakati ule ulitaka kuhamishia makao makuu Colorado na kuwekeza zaidi katika uwindaji, ulengaji shabaha na hifadhi ya mazingira. Kundi lililoongozwa na Harlon Carter lilikaa ukumbini hadi usiku wa manane, likabadili katiba ya chama na kuwang'oa viongozi. Tangu hapo kazi ya kwanza ya NRA ikawa siasa: kupinga sheria za kudhibiti bunduki. Wanachama walikuwa kama milioni 1; kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikaribia milioni 3, na jarida lilimfikia mwanachama kama sehemu ya kiingilio chake.

Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja Aagaard alifungiwa mlango huku, na nyumba ambayo ingekuja kumlisha ikabadilisha mwenye nyumba kule. Wasomaji wengi namna ile walimfikia kwa sababu chama kilikuwa kinapiga kelele. Yeye akawa mtu mpole anayeandika chumba cha nyuma, huku sebuleni watu wanagonga meza. Je, tunaweza kuusifu upole wake bila kuulizia sebule? Nimelizungusha swali hilo kichwani muda mrefu, na jibu langu halijatulia sawasawa.

Tuitazame kwanza hiyo enzi yenyewe. Majarida ya bunduki ya Marekani ni ya kale, mengine ya karne ya 19, lakini ustawi wake mkubwa ulianza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mamilioni ya askari walirudi nyumbani wakiijua bunduki. Ghala za Ulaya zilijaa silaha zilizopitwa na wakati, Mauser za Wajerumani, Enfield za Waingereza, Carcano za Waitaliano, zikauzwa Marekani kwa bei ya kutupa. Mtu alihitaji kuelezwa hii ni nini, inafaa kwa nini, risasi zake zinapatikana wapi. Guns likaanza 1955, Guns & Ammo 1958, Shooting Times na Gun World 1960, Handloader la wanaojaza maganda ya risasi wenyewe likaja 1966, na ndugu yake Rifle mwishoni mwa muongo huo. Mwanzilishi wa Guns & Ammo, Robert Petersen, alikwisha kutajirika kwa Hot Rod, jarida la magari aliloanzisha 1948. Muuzaji wangu wa kuinamia angemwelewa mara moja.

Na majarida yalihitaji ugomvi. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa wazee wawili wa Idaho. Jack O'Connor, aliyekuwa mhariri wa bunduki wa Outdoor Life hadi 1972, aliwahi kuwa profesa wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Arizona. Aliandika sentensi safi na kuihubiri .270 ya Winchester, risasi ya gramu 8 na ushei inayotoka kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde. Elmer Keith alikuwa mchunga ng'ombe, kofia pana, biri mdomoni, Kiingereza cha kuchongwachongwa na wahariri. Kwake risasi isiyozidi mara mbili ya uzito huo ilikuwa ya kuwindia sungura. Keith ndiye aliyesukuma sana hadi bastola ya .44 Magnum ikatengenezwa katikati ya miaka ya 1950, kisha akaandika kwamba aliitumia kumpata kulungu aliyekwisha kujeruhiwa na mwenzake, kwa umbali wa yadi 600, karibu mita 550. Nusu ya Marekani ilimwita mwongo. Nusu nyingine ilinunua bastola.

O'Connor hakumpenda, naye Keith alimrudishia. Wasomaji wakajipanga nyuma yao kama washabiki wa Simba na Yanga. Kinachochekesha ni kwamba mke wa O'Connor, Eleanor, aliwinda wanyama wengi kwa bunduki ndogo ya 7x57, akapiga sawasawa na kurudi nyumbani, wakati wanaume wanaandikiana kuhusu gramu. Hilo peke yake lingetosha kuufunga mjadala. Halikuufunga, kwa kuwa mjadala uliofungwa hauuzi toleo la mwezi ujao.

Wanaozililia enzi zile wana hoja nzito, na si ya kumbukumbu tamu tu. Mwandishi alikuwa na mwezi mzima. Alipiga risasi mia, akapima, akaandika, akampelekea mhariri aliyejua kazi. Katika fani hii mhariri si pambo. Jedwali la kujaza baruti likikosewa tarakimu moja, bunduki inapasuka mbele ya uso wa msomaji, na hakuna kufuta baadaye. Karatasi iliyokwisha kuchapwa imekwisha kuchapwa. Kulikuwa na barua pia. American Rifleman lilikuwa na safu yake ya Dope Bag, na wafanyakazi wa ufundi wa chama walijibu maswali ya wanachama kwa posta. Mkulima wa Nebraska aliyekuta bunduki ya babu yake darini angeweza kuandika na kujibiwa kwamba hii usiipige, chuma chake ni dhaifu. Huduma kama hiyo huokoa vidole na macho.

Na waandishi bora wa fani walikuwa na maadili waliyoyahubiri hadi kuchosha. Usipige mbali kuliko unavyoweza. Ukimjeruhi mnyama, umfuate mpaka mwisho hata giza likiingia. Aagaard aliyaandika haya kama mtu aliyeyalipia, na ukisoma maelezo yake ya kumfuata nyati aliyejeruhiwa, unaona hesabu ya hatua, upepo, damu juu ya jani, imekauka au bado inang'aa. Hamna ushujaa ndani yake. Mna mtu anayetamani mgeni wake angesubiri sekunde mbili zaidi kabla ya kufyatua.

Upande wa pili haufichiki kwa yeyote aliyefunua toleo zima badala ya kukata makala moja. Geuza ukurasa wa Aagaard, nyuma yake kuna tangazo la darubini. Unaofuata, tangazo la bunduki ileile inayopimwa kurasa kumi mbele. Mkono mtupu haulambwi. Kwa miongo mingi ilikuwa karibu muhali kusoma katika majarida hayo kwamba bunduki fulani mpya ni mbovu. Ikikwama, makala husema "ilihitaji kuzoeleka". Isipolenga, mwandishi anasifu mbao za kitako. Msomaji mzoefu alijifunza kusoma kimya: mwandishi asipotaja jambo fulani, ujue hapo ndipo penye tatizo. Jarida la Gun Tests lilikuja kujijengea jina kwa kitu kimoja tu, kukataa matangazo. Ukweli kwamba hilo lilikuwa jambo la kujivunia unaeleza vya kutosha kuhusu mengine.

Kisha kuna tangazo moja ambalo kila anayezililia enzi zile anapaswa kulisoma. Toleo la American Rifleman la Februari 1963 lilibeba tangazo la duka la Klein's la Chicago: bunduki ya Kiitaliano pamoja na darubini yake, dola 19 na senti 95, jaza kuponi, tuma pesa. Mwezi uliofuata kuponi moja ilijazwa kwa jina la A. Hidell, sanduku la posta la Dallas. Aliyeijaza alikuwa Lee Harvey Oswald. Novemba, Rais Kennedy akauawa kwa bunduki hiyo.

Haitakuwa haki kusema jarida lilimuua rais. Kuuza bunduki kwa posta kulikuwa halali, na maelfu ya watu walijaza kuponi kama ile wakaenda kuwinda kulungu. Tena kiongozi wa NRA wa wakati ule, Franklin Orth, alikwenda mbele ya Bunge la Marekani na kuunga mkono kuzuia biashara hiyo ya posta. Sheria ilipitishwa 1968. Ukimweka Orth kando ya Carter wa 1977, unaona chama kilivyosafiri: kiongozi aliyekubali kwamba kuponi ile ina walakini, na baada yake viongozi ambao hawangekubali kwamba kuna kuponi yoyote yenye walakini. Majarida yalisafiri pamoja nacho.

Yalifika wapi? Mwaka 2007 Jim Zumbo, mwandishi wa uwindaji wa miaka mingi wa Outdoor Life, aliandika kwamba bunduki za mtindo wa kijeshi hazifai porini, akaziita kwa neno linalozihusisha na magaidi. Ndani ya siku chache alipoteza safu, kipindi cha televisheni na wadhamini. Mwaka 2013 Dick Metcalf aliandika katika Guns & Ammo kwamba haki ya kumiliki bunduki tayari ina mipaka ya kisheria, na kwamba kutaka mtu afundishwe kabla ya kubeba bastola si kuvunja katiba. Alifukuzwa, mhariri wake akaomba radhi na kuachia kiti. Metcalf mwenyewe alieleza kwamba kampuni kubwa za bunduki zilitishia kuondoa biashara yao. Lakini wa kwanza kupiga kelele walikuwa wasomaji. Hapa siwafuati wanaoweka lawama yote kwa watangazaji. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, na kamba hii ilishikwa na mikono mingi, ikiwemo ya wale waliokuwa wanamwandikia Aagaard barua za shukrani.

Je, Aagaard alikuwa na uhuru kwa kuwa jarida lilikuwa huru, au kwa kuwa hakugusa palipokatazwa? Nadhani ni la pili. Alivunja imani ya kichaka kwa sababu imani ya kichaka haikuwa siasa. Ndani ya uwanja aliopewa alikuwa mkweli kupita kiasi. Nje ya uwanja sijaona akitoka. Wengine watasema hiyo ndiyo nidhamu ya fundi, kusema unachokijua na kuacha usichokijua. Nakubali kwa shingo upande.

Lakini msomaji wa Kiswahili ana daftari jingine la madai, na hapo ndipo wanaomkumbuka kutoka Texas hawawezi kutusaidia. Majarida yale yalikopa heshima yake kutoka Afrika Mashariki. Mwandishi wa bunduki hakukamilika mpaka apige picha na nyati. O'Connor alikuja 1953, Kenya na Tanganyika. Keith akaja mwishoni mwa muongo huo. Zilirudi nao hata lugha zetu. Mpaka leo mwindaji wa Montana ambaye hajawahi kuvuka bahari husema "mbogo", wakati mtoto wangu wa darasa la nne analijua "nyati" tu na aliponisikia nikisema mbogo alidhani namtaja mbunge.

Mwaka huo wa 1953 Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Mwafrika aliyekutwa na risasi moja mfukoni bila kibali angeweza kunyongwa kisheria. Katika nchi hiyohiyo, mwaka huohuo, mgeni aliteremka na masanduku ya bunduki na kupokewa kwa chai. Upande wa Tsavo, Wawata, ambao wakoloni waliwaita Waliangulu, walikuwa wakiwinda tembo tangu enzi na enzi kwa upinde mzito na mshale wenye sumu ya mti. Mvuto wa upinde wao ulizidi paundi 100. Wanaume wengi wa leo hawawezi kuukunja. Tsavo ikafanywa hifadhi 1948, na katikati ya miaka ya 1950 ikaendeshwa kampeni iliyowakamata wanaume hao mmoja mmoja na kuwafunga. Kosa lao lilikuwa kuwinda tembo bila leseni. Wawindaji wenye leseni waliandikwa katika majarida.

Ukitaka uchambuzi wa chombo cha kuwindia, pima hapo: upinde wa kutengenezwa kwa mkono, sumu ya kuchemshwa kwa saa nyingi, kulazimika kumsogelea tembo mpaka karibu kabisa. Ingekuwa makala ya kurasa nane. Katika enzi zile za dhahabu ni nani aliyeiandika kwa kipimo na heshima ileile waliyopewa Holland & Holland?

Na wafuatilia nyayo je? Karibu kila kisa cha nyati aliyejeruhiwa kina mtu aliye mbele ya mwenye bunduki, anayeinama na kuonyesha kwa kijiti jani lililogeuka. Mara nyingi ni Mkamba au Mndorobo, mara nyingi ana jina moja tu, pengine hana kabisa. Aagaard alikuwa bora kuliko wengi hapa, maana aliwafahamu watu hao kwa miaka mingi na aliongea nao kwa lugha yao ya kazi, Kiswahili. Kwa wageni wa wiki tatu, mfuatilia nyayo alikuwa sehemu ya mandhari. Lakini hata kwa walio bora, mjuzi wa porini akawa ni yule mwenye kuandika. Marufuku ya 1977 ilipokuja, Aagaard alikuwa na ujuzi wa kuuza Texas. Mwenzake aliyekuwa anatangulia mbele hakuwa na jarida la kumchapisha.

Kuhusu marufuku yenyewe, wawindaji wa zamani wana msemo wao: serikali iliondoa macho porini, majangili wakajaa. Takwimu zinawapa nguvu kwa haraka. Tembo wa Kenya walikuwa zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miaka ya 1980 ilipokuwa inaisha walikuwa chini ya 20,000. Ila vuka mpaka. Tanzania ilifunga uwindaji 1973 ikaufungua tena 1978, na pori la Selous likawa maarufu kwa vitalu vya uwindaji. Tembo wa mfumo wa Selous walihesabiwa kama 110,000 mwaka 1976; mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Kwa hiyo uwindaji ulipofungwa, tembo waliuawa, ulipofunguliwa, waliuawa. Kilichowaua ni bei ya pembe, rushwa, na silaha za vita zilizosambaa. Aliyedai kwamba wawindaji wangeliokoa pori ana jibu la kutoa kuhusu Selous, na aliyedai kwamba marufuku ingeliokoa pori ana jibu la kutoa kuhusu Tsavo. Majarida ya Marekani yaliichapa hoja ya kwanza kwa miaka, na ya pili yakaitaja kwa dhihaka.

Majarida yenyewe yamekonda. Baadhi yamefungwa, mengine yamepita mikononi mwa kampuni tatu au nne ndani ya miaka ishirini, mengine yamebaki jina mtandaoni. Mahali pake pameshikwa na video. Sioni haja ya kuomboleza sana hapa. Katika video bunduki ikikwama, inakwama mbele ya macho yako, na mtengenezaji hawezi kumwomba mhariri aifiche kwenye aya ya tisa. Watu wa kawaida wananunua bunduki kwa pesa zao, wanazipima, wanazitukana. Hilo enzi zile halikuwako. Lakini video nayo inalishwa kwa kutazamwa, na kinachotazamwa ni mlipuko. Jaribio la kichaka, risasi moja, tembea, pima, andika, rudi, risasi nyingine, lingekuwa video ya saa sita ambayo hakuna angeimaliza. Ukurasa wa karatasi uliweza kulibana katika jedwali la mistari kumi na mbili.

Toleo langu la shilingi 50 lina alama za kalamu ya risasi. Mwenye nalo wa kwanza alizungushia umbali kwenye jedwali la mshuko wa risasi, akaandika pembeni tarakimu zake mwenyewe, ndogo, zilizonyooka, tofauti kidogo na zilizochapwa. Alikwenda mahali, akapiga, akaona kwamba kwa bunduki yake mambo si kama yalivyoandikwa, akasahihisha. Jinsi jarida lilivyotoka kwake likafika juu ya gunia la Nairobi siwezi kukuambia. Wiki iliyopita nilimrudia yule muuzaji kuuliza kama ana mengine. Akapekua chini ya rundo la vitabu vya mitihani, akaibuka na katalogi ya matrekta.